KASHA AU KOMPYUTA: UFUNGUO ATABAKI NAO NANI?

Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi mjukuu nimeyaona majuto hayo kwa macho yangu mawili. Ndiyo maana nimeshika kalamu, si kwa kujigamba kwamba najua mitambo, la hasha, bali kuwapasha lililotupata nyumbani kwetu hapa Voi na kutoa maoni yangu.

Muhula uliopita tulikuwa chini ya ule mwarobaini ulio karibu na lango tukingoja matatu. Kama mjuavyo, sisi wa shule ya kutwa barazani petu ni pale. Ubishi ukazuka. Swali lilikuwa hili: mtu akitaka kuweka filamu, nyimbo, picha na video za familia mahali pamoja, ili kila mtu wa nyumbani azipate kwenye televisheni au kwenye simu yake, anunue nini? Wengine wakashikilia kompyuta. Wengine wakasema ni kile kisanduku cha kuhifadhia kinachounganishwa na rauta, ambacho wenyewe hukiita NAS. Mimi nitakiita kasha, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya kasha la nyanya zetu: kutunza vya thamani.

Mwenzangu mmoja akanigeukia. "Na wewe mbona umenyamaza, na ndiye fundi wa kompyuta wa darasa letu?"

Nilinyamaza kwa sababu matatu ilikuwa imefika na jibu langu lilikuwa refu. Leo nalitoa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kasha lenye nafasi ya diski mbili lina ukubwa wa mkate wa dukani hivi. Halina kioo wala kibodi. Unalichomeka kwenye stima, unaliunganisha na rauta kwa waya, kisha unafungua ukurasa wake kwa simu au kwa kompyuta nyingine, unalipa jina na neno la siri, basi. Kuanzia hapo vifaa vyote vilivyo kwenye waifai ya nyumbani vinaweza kusoma vilivyomo. Kompyuta nayo, hata ile kuukuu ya mezani, hufanya kazi iyo hiyo ukiiwekea programu ya bure kama Jellyfin, iliyoanza mwaka 2018. Kuna watu wanaodhani kwamba kutazama filamu kwa njia hii kunamaliza bando. Sivyo. Filamu inatoka chumba kimoja kwenda kingine kupitia rauta yako mwenyewe, haitoki nje ya nyumba. Hata bando ikiisha, utatazama.

Sasa tuipe kompyuta haki yake, kwa maana mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Kompyuta ya mtumba ni ya bei nafuu, na pengine iko nyumbani tayari imefunikwa kitambaa. Kasha, ukijumlisha na diski zake, laweza kupita bei ya kompyuta hiyo mara kadhaa. Isitoshe, kompyuta unaweza kuichomeka moja kwa moja kwenye televisheni. Tena kompyuta ina nguvu. Filamu hufungashwa kwa mitindo mingi, na televisheni nyingine haielewi mitindo yote. Hapo mashine inayohifadhi hulazimika kuigeuza filamu papo hapo mtu akiwa anatazama. Kazi hiyo inataka prosesa yenye misuli. Kasha la bei ya chini hutweta kama punda anayepandishwa mlima Sagalla, picha zikawa zinakwamakwama. Mwisho, kompyuta inafundisha. Mimi haya machache niyajuayo nimeyajulia kwenye kompyuta ya nyumbani. Kama ningeulizwa nikiwa Kidato cha Kwanza, ningesema kompyuta bila kupepesa jicho.

Lakini sikilizeni yaliyotukuta.

Mwaka 2022 kaka yangu mkubwa alinunua kompyuta ya mezani ya mtumba. Akaiwekea Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, kwa sababu Linux haina gharama na hufanya kazi hata kwenye mashine zee. Akapanga filamu zetu, nyimbo za kwaya azipendazo Mama, na video ya harusi ya Baba na Mama iliyotolewa kwenye kanda. Nyumba ilikuwa na raha! Jirani walikuja kutazama. Kaka alikuwa akitembea kifua mbele, nami nyuma yake nikimshikia bisibisi.

Desemba ya mwaka huo tulikwenda kwa Nyanya, juu kidogo ya Wundanyi. Usiku tukiota moto Nyanya alikuwa akisimulia kwa Kidawida, na kaka akamrekodi kwa simu. Alisimulia ngano za sungura na fisi. Alisimulia walivyokuwa wakiteremka mlima kwa miguu na mizigo ya mboga kichwani hadi soko la Mwatate. Aliutaja ukoo wetu, jina kwa jina, kutoka kwa Baba kurudi nyuma hadi mtu wa nane. Kwa jumla zilipatikana saa 11. Tuliporudi Voi, kaka alizihamishia kwenye kompyuta akazifuta kwenye simu, kwa kuwa simu ilikuwa imejaa.

Agosti 2023 kaka alikwenda chuo kikuu Eldoret. Mwaka 2024 Nyanya akatutoka. Mungu amlaze pema. Baada ya mazishi Baba alikuwa na desturi: Jumapili jioni, chai ikiisha, alimwambia mmoja wetu, "Hebu mfungulie mama yangu kidogo." Tukawa tunasikiliza robo saa, hakuna anayesema neno.

Mei 2025 mvua kubwa ilinyesha. Stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena, ikarudi. Asubuhi kompyuta ilikataa kuwaka. Kioo kilikuwa cheusi na maandishi meupe yanayosubiri mtu aandike kitu. Mimi nilijua kufungua filamu na kubadilisha nyimbo, lakini lugha ile sikuijua, na neno la siri alikuwa nalo kaka peke yake. Baba alimpigia simu kaka mara tatu, haikupokelewa. Alikuwa kwenye chumba cha mtihani.

Basi Mama akaibeba kompyuta hadi kwa fundi mmoja mjini.

"Mama, shida iko wapi?" fundi akauliza.

"Kijana wangu, imekataa kuwaka. Nisaidie, ifanye iwake tu."

Saa tatu baadaye ilikuwa imewaka. Imewaka na Windows mpya, inang'aa, na fundi kwa moyo wake mwema alituongezea mchezo wa magari bila malipo. Mama akalipa, akashukuru, akarudi nyumbani akifurahi. Jioni kaka akapiga simu.

"Mmesema imewaka?"

"Imewaka sawasawa," nikamjibu.

"Imewaka na nini?"

Nilipomweleza, simu ilinyamaza hata nikadhani salio limeisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Izime. Msiiguse tena."

Alipofunga chuo alikuja akakesha nayo siku tano, akitumia programu za kufukua faili zilizofutwa. Alipata vipande vya filamu ambazo hakuna aliyezitaka. Sauti ya Nyanya haikupatikana hata dakika moja inayosikika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Je, tumlaumu fundi? Mimi nasema hapana. Tulimwambia aifanye iwake, naye aliifanya iwake. Tulaumu stima? Diski ilikuwa nzima kabisa, hata leo inafanya kazi. Stima ilivuruga tu hatua za kuwaka, na kaka alisema kazi ya kurekebisha ingemchukua nusu saa. Basi kilichotuponza ni nini? Ni kwamba vyote vya nyumba nzima vilikuwa ndani ya mashine moja, na ufunguo wa mashine hiyo ulikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Eldoret. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tulitegemea kichwa cha ndugu yetu.

Hapo ndipo maoni yangu yanaposimama. Watu wanaobishana kuhusu kasha na kompyuta huuliza: ipi ina nguvu? Ipi ni rahisi? Ipi inabeba zaidi? Hayo ni maswali mazuri, lakini la kwanza ni hili: yule anayeijua akiondoka, nani atabaki na ufunguo? Kwa kipimo hicho, nyumba ya kawaida ichague kasha.

Kwa nini kasha? Kwanza, kasha limetengenezwa kwa kazi moja. Ukurasa wake unatumia maneno ya kawaida na michoro, na diski ikianza kuugua taa yake hubadilika au onyo hutumwa kwa simu. Stima ikipotea na kurudi, unaweza kuliagiza liwake lenyewe. Pia hakuna fundi atakayelitazama akafikiri kwamba linakosa Windows.

Pili, kasha la diski mbili linaweza kuwekwa zile diski ziwe pacha: kila unachoandika kwenye moja kinaandikwa kwenye nyingine. Ukitia diski mbili za terabaiti 4, unapata nafasi ya terabaiti 4, si 8, lakini moja ikifa nyingine ina vyote. Mpango wa kuunganisha diski nyingi namna hii ulielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao wakaupa jina la RAID. Kompyuta pia inaweza kufanywa hivyo, lakini lazima awepo anayejua kuipanga, na tumerudi pale pale.

Tatu ni stima. Tufanye hesabu kama tulivyofundishwa katika Fizikia. Tuchukue kompyuta kuukuu ya mezani inayotumia wati 70, na kasha la diski mbili linalotumia wati 20, vyote vikiwaka usiku na mchana kwa siku 30. Kompyuta itakula uniti 50.4, kasha uniti 14.4. Tofauti ni uniti 36 kila mwezi. Muulize mzazi wako anayenunua tokeni kidogo kidogo uniti 36 ni nini. Bandu bandu huisha gogo, na cha rahisi ni ghali.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kasha nalo lina hatari zake. Ni kweli, wala sifichi. Juni 2021 watu wengi waliokuwa na kasha la Western Digital liitwalo My Book Live waliamka wakakuta kila kitu kimefutwa. Wadukuzi walikuwa wameingia kupitia intaneti, na kasha hilo lilikuwa halijapata marekebisho ya usalama kutoka kwa watengenezaji wake tangu mwaka 2015. Funzo hapo ni mawili. Usilifungulie kasha mlango wa intaneti kama huna haja, na usinunue la zamani ambalo mtengenezaji ameshalisahau.

Watasema pia kwamba diski pacha si akiba. Hapo naungana nao kabisa. Ukifuta faili kwenye moja, imefutwa kwenye zote mbili. Mwizi hachagui, atabeba kasha zima. Moto nao ni vivyo hivyo. Diski pacha hukukinga na kifo cha diski moja, hazikukingi na mengine. Nakala ya pili lazima ilale chini ya paa jingine.

Hapa nina jambo linaloniuma mpaka leo. Siku moja nilikaa nikapiga hesabu. Sauti ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 58 kwa saa. Saa 11 ni kama megabaiti 634. Wasomaji wapenzi, Nyanya mzima, na ngano zake na ukoo wake, hakujaza hata gigabaiti moja! Angetosha kwenye flashi ndogo kabisa dukani. Nafasi yote ile ililiwa na filamu, na filamu unaweza kuipata tena kesho. Sisi tulichanganya vinavyopatikana na visivyopatikana, tukavitunza kwa namna moja, na vikapotea kwa namna moja.

Zamu ya Mama katika chama chao ilipofika mwaka huo, tuliketi kuamua. Kaka alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa ili sote tusikie.

"Nitawapangia kompyuta nyingine," akasema. "Safari hii nitaiweka vizuri, hamtaona shida. Hizo pesa za kasha ni nyingi."

Baba akanitazama. "Na wewe unasemaje? Si wewe ndiye fundi sasa?"

Nakiri moyo wangu ulitaka kompyuta. Nilikuwa nimejifunza Linux kwa hasira, na nilitamani niwe kama kaka, wote wakiniita kitu kikiharibika. Lakini nikakumbuka kwamba mimi pia nitafanya KCSE, na Mungu akinijalia nitaondoka. Ndugu yetu mdogo yuko shule ya msingi. Nikasema, "Baba, tukinunua kitu ninachokijua mimi, nikienda itakuwa kama kaka alivyokwenda. Tununue kitu anachoweza Mama."

Kaka alinyamaza kidogo. "Sawa," akasema. "Ana haki. Nunueni kasha."

Siku lilipofika, Baba alinikataza kuligusa. Mama ndiye aliyelichomeka, akasoma maagizo, akachagua diski ziwe pacha, akaweka neno la siri. Alikosea mara mbili akarudia. Neno hilo ameliandika kwenye daftari pamoja na hatua zote, kwa mwandiko wake na kwa Kiswahili chake, na daftari limo ndani ya sanduku la bati pamoja na hati ya shamba. Nakala ya vile visivyopatikana iko kwa Shangazi Mombasa, ndani ya diski ya kubebeka, na kila likizo tunaibadilisha. Ile kompyuta hatukuitupa. Imechomekwa kwenye televisheni, inachezesha filamu zilizo ndani ya kasha. Ikifa kesho, tutaizika bila machozi.

Kwa wenzangu ambao kasha ni ndoto, msikate tamaa, kwani fedha si kigezo cha kwanza. Kama mna kompyuta, endeleeni nayo. Lakini tengeni vile visivyopatikana mvitie kwenye flashi mbili, moja ikae kwa jamaa anayeishi mbali. Andikeni kwenye daftari jinsi ya kuiwasha na kuifungua, kisha mwambieni mtu asiyejua chochote ajaribu kwa kusoma daftari hilo, nanyi mkae kimya. Akishindwa, kosa ni la daftari. Na mkimpelekea fundi mashine yoyote, msimwambie "ifanye iwake." Mwambieni, "Kuna vitu humu ndani. Usifute kitu."

Namalizia kwa lile lililobaki. Krismasi ile ya 2022 kaka alikuwa amemtumia Shangazi kipande kimoja kwa WhatsApp, ili amsikie mama yake. Kina dakika nne. Shangazi hakukifuta. Ndicho tulicho nacho. Ndani yake Nyanya anautaja ukoo. Anamtaja Baba, anamtaja Babu, anamtaja baba yake Babu, anaendelea taratibu mpaka jina la tano, kisha kipande kinaisha. Jina la sita, la saba na la nane hakuna anayeyajua kwa hakika. Baba amewauliza wazee watatu, na kila mmoja amesema lake.

Likizo inakuja. Aliye na Nyanya au Babu na amrekodi, asingoje. Kisha kabla hajauliza ni kasha au ni kompyuta, na atengeneze nakala mbili, na ajiulize yeye akiwa hayupo nani atazifungua. Tahadhari kabla ya hatari.

Kalamu naiweka chini. Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.